Anayesimama Mbele ya Joka

Palikuwa na ndugu watano waliomzika mama yao, wakagawana picha na vyombo, kisha kila mmoja akarudi alikotoka. Mkubwa wao, Maduhu, yuko Dodoma. Anayemfuata ni dada yao, Minza, mwenye duka la fotokopi Shinyanga mjini. Wakafuata mapacha, Kulwa na Doto, mmoja Mtwara na mwingine Arusha. Aliyezaliwa baada ya mapacha ni Shija, mwalimu wa chekechea Mwanza.

Mnajua kinachotokea mama akiondoka. Yeye ndiye aliyekuwa akimpigia kila mtu simu na kumpa habari za wenzake. Alipokufa, kundi la familia kwenye simu lilibaki na picha za maua zilizoandikwa "asubuhi njema", na hakuna aliyezijibu. Krismasi ikaja, kila mmoja akawa na udhuru.

Walibaki na mahali pamoja tu pa kukutana. Wazee wangu wa viti vya mbele, nivumilieni hapa. Walikuwa wanakutana ndani ya mchezo wa kompyuta.

Naona vijana kule nyuma wameacha simu zao. Karibuni.

Mchezo wenyewe unachezwa kwa mtandao. Kila mtu yuko kwake, lakini wote wanaingia pamoja katika nchi ya kubuni, wanapigana na majoka, na wakati wote wanasikiana sauti. Kila Jumamosi mchana Maduhu, mapacha na Shija waliingia humo. Minza alikuwa hachezi. Aliweka simu kwenye spika, akawasikiliza huku akipiga pasi. Na ukweli ni kwamba joka lilikuwa kisingizio. Kati ya pigo na pigo ndipo mtu aliposema mwanaye ameota jino. Ndipo walipobishana mama alikuwa anatia nini kwenye mlenda wake.

Sasa, katika mchezo ule kila mtu ana kazi yake. Mapacha walikuwa wapigaji. Shija alikuwa mponyaji: mwenzake akijeruhiwa, yeye humrushia dawa kwa mbali, na majeraha yakafunga. Maduhu alikuwa tanki. Wazee, si tanki la maji. Tanki ni yule anayevaa deraya, lile vazi zito la chuma, anashika ngao, anasimama mbele ya joka na kulichokoza ili limpige yeye na kuwaacha wengine. Yeye mwenyewe hapigi sana. Sifa za kuua joka huchukuliwa na wengine. Kazi yake ni kupigwa na kubaki amesimama.

Hamjawahi kumwona mtu wa namna hiyo? Hata nyumbani kwenu?

Basi, Maduhu akaanza kukosea. Joka linakuja kushoto, yeye anainua ngao kulia. Mapacha wakamtania kwamba uzee umeingia. Wakaja kugundua kwamba jicho lake moja lilikuwa limekwisha kufa kwa ugonjwa wa presha ya macho, na la pili lilikuwa linafifia. Alikuwa anajua. Daktari alimwambia amechelewa kuja. Jicho la pili likaokolewa, lakini michezo ya kompyuta ikapigwa marufuku.

"Kaka, kwa nini hukutuambia?" Shija alimuuliza.

"Mkubwa hasemi kila kinachomuuma."

Hilo ndilo jibu alilotoa, na hakuna aliyembishia. Ndivyo walivyolelewa.

Shida ni kwamba lango la joka halifunguki bila watu wanne, na mmoja wao lazima ashike ngao. Wakaomba mgeni wa mtandaoni awe wa nne, Kulwa akajaribu ngao. Doto akajaribu. Kila mmoja, akiliona joka tu, alisahau ngao akakimbilia kupiga, na wote wakafa, ingawa mchezoni mtu hufufuka akaanza tena. Mgeni akawakimbia, Jumamosi moja ikapita bila kuingia. Ikapita nyingine. Mngetarajia kwamba wangepigiana simu kama watu wengine, si ndiyo? Hawakupigiana. Minza akapiga pasi katika nyumba iliyo kimya, akaelewa kwamba jambo la mwisho lililowakutanisha watoto wa mama yake linakufa.

Akampigia Shija. "Nifundishe kushika ngao."

"Wewe, dada? Wewe unayeandika ujumbe kwa kidole kimoja?"

"Nyoka anachokozwa kwa vidole vingapi?"

Akaingia mchezoni kupitia kompyuta ya dukani, duka likiwa limefungwa. Alivyojifunza ni kichekesho, nami nitawapa kidogo tu.

"Dada, joka linatutemea moto sisi," Doto alilalamika.

"Si ndiyo kazi yake?"

"Kazi yake ni kukutemea wewe. Ligeuze, mgongo wake uje kwetu."

"Linageuzwaje?"

"Lizunguke, litakufuata. Kwani ng'ombe ulikuwa unawageuzaje?"

"Ng'ombe hawatemi moto, Doto."

Lakini akajua kuligeuza. Akajua pia kwamba mapacha wakipiga kabla yeye hajalishika joka vizuri, hasira za joka zinawageukia wao. Akaanza kuwaamrisha kama alivyowaamrisha utotoni.

"Kulwa, acha papara. Ngoja nilishike kwanza."

"Nimepiga kidogo tu, dada."

"Kidogo chako kimetuua wote. Rudi nyuma, simama pale, nyamaza."

Maduhu alikuwa anasikiliza kwa simu kutoka Dodoma, naye alicheka mpaka akakohoa. Ndugu wote watano walikuwa pamoja tena. Sasa unaweza kuuliza, hapo shida iko wapi?

Shida ni kwamba walifika kwenye ukumbi wa joka kubwa kuliko yote, na hapo wakakwama. Walipanga vizuri. Minza alilishika joka, akaligeuza, mapacha wakapiga, kila kitu kikaenda sawa mpaka katikati. Kisha Minza akafa. Tanki akifa hakuna wa kulizuia joka, na wengine hawachukui muda kumfuata. Jumamosi iliyofuata, hivyo hivyo. Na iliyofuata. Kulwa akaanza kusema ana kazi za nyumbani. Doto akachelewa kuingia, akatangulia kutoka. Shija aliyaona haya yote. Minza naye aliyaona, na kila alipokufa alisema, "Samahani, jamani. Kosa langu."

Wakatafuta sababu. Mapacha walisema deraya ya dada ni nyepesi. Maduhu alisema, "Vumilia, mdogo wangu. Anayesimama mbele halii." Minza akavumilia, na akafa.

Sasa mponyaji katika mchezo ule ana faida moja. Wapigaji wanalitazama joka. Mponyaji anawatazama watu. Jumamosi moja Shija aliwaomba wenzake wasimame kwanza mlangoni mwa ukumbi.

"Dada, nikuambie kitu, na usikasirike?"

"Sema."

"Si joka linalokuua."

"Ni nani basi? Kulwa?" Mapacha wakacheka.

"Kila ukijeruhiwa vibaya, unakimbia. Unaenda nyuma ya ile nguzo kubwa. Mimi dawa yangu haipiti kwenye nguzo, dada. Mpaka nikuone. Ninazunguka kukutafuta, nikifika umeshaanguka."

"Nilikuwa nataka nipumue kidogo nirudi," Minza alisema. "Nisiwaharibie. Nyie muendelee."

"Na mimi niko pale kwa kazi gani?"

Shija akaendelea, na sauti yake ilianza kupanda. "Kila siku nina dawa mkononi na sina wa kumpa. Kaka alificha jicho mpaka likafa. Wewe kila mara unaenda nyuma ya nguzo. Mnatufanya sisi wadogo tuonekane hatuna faida. Nani aliwaambia hatuwezi?"

Maduhu naye alikuwa anasikiliza kwenye simu kutoka Dodoma. Huku nyuma joka lilikuwa limeshawaona. Minza alikuwa ameacha kibodi.

Ndugu zangu, mnadhani Minza alisema nini? Kwamba atajitahidi? Kwamba sasa ameelewa mchezo?

Alisema, "Jumatatu nalazwa."

"Unalazwa wapi?" Doto aliuliza.

"Hospitali ya mkoa. Nina uvimbe tumboni, wanautoa. Nilishapanga kuwaambia naenda semina."

Joka likawakanyaga wote wanne wakiwa wamesimama, na hakuna aliyeangalia kioo cha kompyuta. Kisha Kulwa akauliza kwa sauti ndogo, "Semina ya nini, dada, ya kunywa uji?" Minza akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, na wakamwacha alie. Maduhu ndiye aliyezungumza baadaye. Alisema, "Minza, lile neno nililokwambia la kutolia, nilikosea. Lifute."

Jumatatu Shija aliomba ruhusa shuleni akapanda basi la Shinyanga. Alipofika, Minza alikuwa kitandani, mkoba wake umekaa juu ya kiti cha mgeni, maana hakutarajia mgeni. Shija akauweka mkoba chini, akakaa. Doto akafika kesho yake. Kulwa alishindwa kusafiri, lakini alipiga simu mara nyingi hadi wauguzi wakamjua kwa jina. Uvimbe ukatolewa, na majibu yakaja mazuri. Afya ilipomrudia, Minza akashika ngao tena. Joka likampiga vibaya kama siku zote. Hakwenda popote. Alisimama katikati ya ukumbi mahali pa wazi, akasema, "Shija, naumia." Dawa ikamfikia. Akasema tena, ikamfikia tena. Alilisema neno hilo mpaka joka likaanguka.

Sasa nizungumze na sisi.

Mlipoona naanza na mtu mwenye ngao, mlijua nitawaambia muwe na ujasiri, na sitawaambia hilo, kwa sababu Minza hakukosa ujasiri hata siku moja. Alikuwa radhi kupigwa. Mtazameni tena. Wakati wote alipokuwa akikimbia, hakuwa akilikimbia joka. Joka alilirudia kila mara. Aliyekuwa akimkimbia ni mponyaji wake.

Na huyo ni sisi. Ni baba aliyeachishwa kazi, ambaye bado anavaa shati kila asubuhi na kutoka nyumbani. Mama mwenye karatasi ya kliniki chini ya godoro ni yeye huyo huyo. Ni mzee wa kanisa anayeombea wagonjwa wa mtaa mzima, na goti lake mwenyewe amelifunga kitambaa ndani ya suruali ili tusilione. Tunauita huo uvumilivu, na hata sisi wahubiri tumewasifu watu kwa huo mazishini. "Marehemu hakuwahi kulalamika." Je, tumewahi kuwatazama wanaobaki, wale waliokuwa na dawa mkononi na hawakuonyeshwa jeraha?

Somo la leo lilihusu kuchukuliana mizigo. Tunalipenda likiwa linatuambia tubebe. Lakini mzigo hauwezi kuchukuliwa na mtu ambaye hajauona. Bwana wetu alisimama mbele kwa ajili yetu sote, na hakuna atakayesema alipungukiwa na nguvu. Hata hivyo, saa chache kabla ya kukamatwa aliwaambia rafiki zake kwamba moyo wake una huzuni, akawaomba wakae naye. Walisinzia, ndiyo. Lakini yeye aliomba. Wewe unayeona aibu kuomba, umekuwa na nguvu kuliko nani?

Habari njema ni kwamba hatuhitaji kutafuta waponyaji mbali. Mungu alikwisha kuwaweka. Wamekaa ubavuni mwako kwenye benchi hilo. Wengine ni wadogo zako, na umewazoea kama watu wa kusaidiwa tu.

Basi nawaomba jambo moja, tena dogo. Sisi tuna adabu yetu. Mtu akituuliza habari za nyumbani, tunajibu nzuri, hata kama tumetoka kuzika. "Nzuri, ila tumefiwa." Ni adabu ya wazazi wetu na siigusi. Ninachokiona siku hizi ni kwamba tunaishia kwenye "nzuri", na "ila" tunarudi nayo nyumbani.

Tukimaliza ibada, tutatoka na kupeana mikono pale nje. Mwenzako akikuuliza habari, mjibu nzuri. Kisha usimwachie mkono mpaka umwambie na "ila" yako. Nawe uliyeuliza, najua kuna kuku na mkungu wa ndizi wa sadaka wanaosubiri kupigwa mnada, na wengine mmeshaupigia hesabu mkungu ule. Msikilize mwenzako mpaka amalize. Mnada utasubiri.