Doa Lisilohama

Watoto, anga ni tupu?

— Tazama tena.

Ni tupu kweli?

— Tazama tena.

Vyema. Sahani ya muhogo naiweka hapa kando yangu. Tutaula hadithi ikiisha.

Hapo kale mvua ilinyesha siku tatu, kisha kumbikumbi wakatoka. Mbayuwayu alikuwa na makinda wanne, na siku hizo zote hawakula kitu. Lakini Mwewe alisema, "Kumbikumbi wote ni wangu. Na angani mimi napishwa, sipishi mtu."

Mbayuwayu alikuwa na mazoea yake. Akiruka, hutazama kipande kimoja cha anga, akatulia. Hutazama kipande cha pili, akatulia.

"Mbona unatikisa kichwa kama mjusi?" Mwewe akamcheka.

"Natafuta doa lisilohama, mzee."

"Doa gani tena?"

"Doa likisogea pembeni, linapita zake. Likikaa palepale huku linakua, linakujia wewe."

"Porojo."

Mbayuwayu alijua kuwa saa ile Korongo hurudi kutoka bwawani na chura mdomoni. Akasema, "Mzee, nitabeba kumbikumbi mmoja mnono mpaka kiotani. Ukimkamata njiani, wote ni wako. Ukishindwa, wanangu wale siku saba. Ila usimwondolee macho, atakupotea."

"Mimi? Sipepesi hata kope."

Wakaruka, fyuu, fyuu. Mwewe akamkodolea macho kumbikumbi.

Mbayuwayu akatazama kipande, akatulia. Kulia kulikuwa na doa jeusi.

Akatazama kwingine, akatulia. Doa lilikuwa palepale, limekua.

Akatazama kwingine, akatulia. Doa lilikuwa palepale, lina mabawa.

Mbayuwayu akashuka chini, fyu. Mwewe na Korongo wakagongana, puu, wakaanguka topeni.

"Wewe huoni?" Mwewe akauliza.

"Nilikuwa namtazama chura wangu," Korongo akasema. "Na wewe?"

Mwewe akapangusa tope machoni.

Makinda wakala, wakashiba. Bawa la Mwewe likavimba siku saba, na kila jioni Mbayuwayu alimletea kumbikumbi mmoja. "Pole, mzee. Tafuna taratibu."

Siku ya nane Mwewe akaruka, anatikisa kichwa kama mjusi.

Hadithi yangu imetua. Funzo lake, watoto, ni hili: kazia macho jambo moja tu, usiangaze huku na huku. Mimi, kwa mfano, tangu nianze nawatazama ninyi mlio mbele yangu tu. Haya, tule. Lakini mbona sahani ni tupu?

— Tazama tena, mwalimu.