Siku Mamba Alipokula Kiapo

Jamani, kwanza naomba radhi. Ngano hii nitaiharibu. Ina mwanzo nisioukumbuka vizuri, ina katikati niliyoisikia huku natafuna muwa, na ina mwisho ambao mke wangu amenikataza kuusimulia mbele ya watu wanaotaka kula chakula chao kwa amani. Wako wanaoijua vizuri kuliko mimi, lakini hao wana aibu. Mimi sina. Kaeni.

"Ngano inabisha hodi!"

"Ifungulieni!"

"Ina miguu mingapi?"

"Minne, na mkia wa kufutia nyayo!"

"Na meno?"

"Meno tutayahesabu ikishaingia!"

Haya, imeingia. Palikuwa na mto mmoja, na mtoni palikuwa na Mamba mmoja. Mamba huyo alikuwa mrefu: ukikiona kichwa chake leo, mkia unauona kesho. Akaweka sheria. "Maji yangu, kiu yenu. Kila wiki nyumba moja itanitolea mmoja wao. Na nyumba yenye zamu hainywi mpaka itoe."

Basi wakawa wanatoa. Ikafika zamu ya Bibi Digidigi, akatoa mume. Chubwi! Kacha! Kimya ji. Ikafika zamu ya Kanga, akatoa dada yake. Chubwi! Kacha! Kimya ji. Ikafika zamu ya Ngedere, akatoa babu. Babu alipiga kelele kidogo. Chubwi! Kacha! Kimya ji. Na Tembo je? Tembo hakupangiwa zamu hata siku moja, kwa hiyo hakuona tatizo liko wapi.

Zamu ikafika kwa Pimbi.

Pimbi mnamjua, yule mnyama wa majabalini, kama sungura aliyenyimwa masikio. Nyumbani kwake walikuwa wawili tu, yeye na mama yake. Mama alikuwa mzee, miguu imekufa, amelala pangoni juu ya jabali. Siku ya kwanza hawakunywa. Siku ya pili hawakunywa. Siku ya tatu ulimi wa mama ukakauka kau, maneno yakawa yanatoka na vumbi.

"Nipeleke mimi, baba," mama akamwambia mwanawe. "Chumvi niliyokula inatosha. Na nyama yangu ngumu, labda itamng'oa jino."

"Nyamaza, Mama."

"Mimi nitanyamaza. Kiu ndiyo hainyamazi."

Sasa, pale ukingoni Ngiri alikuwa na kibanda, na kibandani kulikuwa na runinga. Msiniulize umeme ulitoka wapi, nimeshasema nitaiharibu. Kila asubuhi ilikuwa marudio ya mambo ya Marekani: uchaguzi wao, kamati zao, wakubwa wao wakihojiwa. Wanyama waliyapenda mambo hayo kupita kiasi, kwa sababu waliona kwa macho yao kwamba kule vyama ni viwili, chama cha Tembo na chama cha Punda. Picha hiyo hapo kwenye kioo! Tembo akasema, "Ndugu zetu wamefika mbali." Punda naye akakataa kubeba kuni tangu siku hiyo. "Mtu ambaye ukoo wake unagombea urais," akasema, "habebi kuni."

Uchaguzi ulipofika walikaa kibandani tangu kunapambazuka, wakitazama ramani ikigeuka nyekundu hapa, bluu pale, wakililia majimbo wasiyoweza kuyatamka. Asubuhi hiyo hiyo, hatua thelathini nyuma yao, ndipo dada yake Kanga alipotolewa. Chubwi! Kacha! Hakuna aliyegeuka. Kulikuwa na jimbo moja halijatangazwa.

Na Mamba pia alikuwa mtazamaji. Alikuwa akiweka kidevu ukingoni, macho mawili nje, mwili majini. Vikao vya kuhoji wakubwa ndivyo vilivyomkosha: mkubwa anakaa kitini, taa zote kwake, kamera zote kwake, wote wanamsikiliza yeye.

Siku ya tatu ya kiu, Kasuku, ambaye ndiye alikuwa akifasiri, akatangaza kwa sauti yake ya pua, "Na sasa shahidi amekula kiapo mbele ya kamati!"

Mamba akainua kidevu. "Amekula nini?"

"Kiapo, Mheshimiwa."

"Jana pia kuna mmoja alikula."

"Yule jenerali, Mheshimiwa. Na juzi waziri. Na kabla yake jaji."

"Wote hao wanakula, na mimi sijaletewa hata cha kuonja?" Tumbo la Mamba likanguruma, nguru-nguru-nguru. "Kikoje? Kina mafuta?"

Wanyama wakatazamana. Kasuku akataka kumweleza. Pimbi, aliyekuwa amejibanza chini ya meza, akamkanyaga mkia.

"Kina mafuta yanatiririka, Mheshimiwa!" Pimbi akasema. "Si umewaona? Mtu akishakula kiapo anakaa kitini kwa muda wa saa nane, haombi hata karanga."

"Niletee."

"Hakiletwi, Mheshimiwa. Kinafuatwa. Kinaliwa mbele ya kamati, mahali pa juu, pakavu. Kikiona maji kinachacha."

"Na wewe, kipande cha panya, zamu yako ina siku tatu leo. Mbona sijaona mtu?"

"Kesho, Mheshimiwa. Kula kiapo kwanza. Mama atakuwa wa kushushia."

Mamba akacheka, meno yote nje. Yale meno mliyotaka kuyahesabu, hapo ndipo palikuwa pa kuyahesabia, na hakuna aliyethubutu.

Pimbi akapanda jabalini. "Mama, kesho saa nne utakunywa. Vumilia mpaka saa nne."

"Saa nne," mama akasema. "Saa nne nitafika."

Mpango ulikuwa mfupi. Mamba apandishwe jabalini, afungwe kinywa, aulizwe maswali matatu kwa ajili ya wale watatu, kisha Tembo ashushe mguu. Saa nne mambo yameisha. Tembo akakubali kwa sharti moja, awe mwenyekiti wa kamati. Punda akasema haiwezekani, mwenyekiti ni yeye. Wakabishana mpaka ikagundulika kwamba Punda hajui kukaa kitako. Tembo akachukua kiti.

Asubuhi Mamba akatoka majini, akapanda jabali. Kwaru, kwaru, kwaru. Kamati imeshakaa, upande wa Tembo huku, upande wa Punda kule. Kasuku ameshika bua la mahindi, anatangaza. Na Twiga ndiye kamera. Shingo krrrk kulia, krrrk kushoto, na shingo ilipoelekea ndipo wote walipojinyoosha na kujilamba manyoya.

"Mimi ni wakili wako, Mheshimiwa," Pimbi akamwambia Mamba. "Inua mkono wa kulia. Fumbua kinywa. Usitafune, kiapo kikitafunwa kinageuka uongo."

Akamtupia tonge la ulimbo, ule wa kunasia ndege, limepakwa mafuta juu. Ap! Mamba akafumba. Ulimbo ukanata.

"Mmm?" Mamba akasema.

"Ndiyo utamu wake huo, Mheshimiwa. Usifumbue, kitatoka. Wale wakubwa kwenye runinga wakiulizwa wanasemaje? Hawasemi. Wanakilinda tumboni. Sasa tai. Shahidi lazima avae tai. Shingo yako iko wapi?" Pimbi akaitafuta mbele, akaitafuta nyuma. "Basi tutaifunga hapa penye wembamba." Akazungusha kamba ya ukindu kwenye kinywa, mara moja, mara mbili, mara saba, ndi ndi ndi, ncha akaishika mwenyewe. Maana Mamba, ndugu zangu, ana nguvu ya kufumba, ya kufumbua hana. Hata mnyonge akikaza kamba, kinywa kimekwisha. Lakini akilegeza tu, amekwisha yeye.

Tembo akaukalia mkia. "Kwa mujibu wa utaratibu," akasema. Mamba hakulalamika. Twiga alikuwa akimtazama.

Bibi Digidigi akasimama. "Ulimla mume wangu?"

"Mmmm."

"Shahidi anatumia haki yake ya kunyamaza!" Kasuku akatangaza.

Kanga akasimama. "Ulimla dada yangu?"

"Mmmm."

"Shahidi anatumia haki yake ya kunyamaza!"

Ngedere akasimama. "Ulimla babu yangu?"

"Mmmm."

"Shahidi anatumia haki yake ya kunyamaza!"

Saa nne kamili. "Mwenyekiti," Pimbi akasema, "mguu!"

Tembo akainua mguu. Kivuli kikafunika kichwa cha Mamba. Ndipo Punda akapiga kwato, ko ko ko.

"Utaratibu, Mwenyekiti! Upande wetu haujasema. Kule Marekani kila mjumbe ana dakika tano."

Na Twiga, krrrk, akamgeukia Punda.

Tembo alipoona kamera imeondoka kwake, akaushusha mguu chini, pembeni. Punda akatumia dakika tano kueleza jinsi ukoo wake ulivyoteseka. Swali hakuuliza. Tembo akachukua dakika tano kumjibu Punda. Swali hakuuliza. Ngiri akataka tano zake. Nyumbu akataka tano zake. Nungunungu, aliyefika amechelewa, hajui anayehojiwa ni nani, akataka tano zake na akaanza kwa kumshukuru Mwenyekiti.

Saa tano.

"Jamani, mama yangu," Pimbi akasema. "Siku ya nne hii. Mto uko wazi, mwenyewe yuko hapa. Mmoja tu ateremke, amletee maji kwa jani."

"Wakili hana swali," Tembo akasema.

"Nishikieni kamba basi, niende mwenyewe."

"Wewe umekaa mbele ya kamera tangu asubuhi," Ngiri akasema. "Na sisi je?"

Saa sita. Jua wima. Ngozi ya Mamba ikaanza kupasuka, pasu, pasu. Kwa mara ya kwanza akajipinda, akataka mto. Tembo akakaza makalio. Mamba akamtazama Pimbi, jicho kwa jicho, na Pimbi akaiona kiu humo, akaijua, kwa sababu nyumbani anayo kama hiyo. Akakaza kamba.

Saa saba. Pangoni ikatoka sauti ndogo. "Baba, saa nne bado?"

"Bado kidogo, Mama!" Pimbi akaitikia.

Saa nane nzi akatua kwenye jicho la Mamba, akatembea juu yake, akashuka. Jicho halikupepesa. Mamba alikuwa amekufa. Lakini kulala tuli ndiyo kazi ya mamba, kwa hiyo Pimbi hakuthubutu kuachia, na wengine hawakutazama kabisa. Swala akamsifu shahidi kwa utulivu wake. Pundamilia akamwuliza maswali kumi na mawili mfululizo.

"Shahidi anatumia haki yake ya kunyamaza!" Kasuku akatangaza, mara kumi na mbili.

Saa kumi orodha ikafika kwa msemaji wa mwisho. Huyu hakuwa na mtu aliyeliwa. Alikuwa na vichekesho. Akaigiza Punda anavyokaa kitako, wakacheka. Akaigiza jinsi shingo ya Mamba ilivyotafutwa, wakagaagaa. Dakika zake zikaisha. Akaomba tano za nyongeza.

"Apewe!" wakapiga kelele wote. Shingo ya Twiga ilikuwa inatikisika kwa kicheko, picha yote inacheza.

Akapewa. Zikaisha hizo, ndipo Tembo, maana sasa kamera ilikuwa inamrudia, akainua mguu juu kabisa na kuushusha. Tifu! Kichwa cha Mamba kikapasuka kama kibuyu kikavu, bila damu. Kikao kikafungwa. Makofi.

Pimbi akaachia kamba. Mikono haikunyooka, vidole vimeganda. Akateremka mbio mtoni, chapu chapu chapu, akachota kwa jani, akapanda. Nusu ikamwagika. Akachukua iliyobaki kwa mikono miwili, akaingia pangoni.

"Mama, maji haya."

Mama amelala, kinywa wazi, uso umeelekea mtoni.

"Mama. Ni saa nne."

Kimya ji. Pimbi akayamimina hivyo hivyo. Yakajaa kinywani, yakatokea pembeni, yakaingia mchangani.

Nje walikuwa wakimwita. Kasuku alitaka kumhoji anajisikiaje.

Hapo nimeiweka chini. Anayeipenda aiokote, anayeichukia aifukie.

Na funzo, maana ngano bila funzo watoto hawalali. Funzo ni kwamba utaratibu ufuatwe. Mamba amekufa, mto uko wazi, kila mtu alisema, kila mtu alionekana. Mambo yalikwenda vizuri sana. Na pili, msiwe mnawaahidi wazazi wenu saa.

Nani? Yule msemaji wa mwisho? Mnataka jina la nini, ngano imeshakwisha.

Haya. Ni mimi. Na nikiona shingo ya Twiga inageukia huku, nitaomba tano nyingine.