Chemchemi Iliyosubiri Jina

Hapo zamani, mawe yalipokuwa bado yanaweka siri, palikuwa na vijiji viwili katika nchi ya chokaa. Cha juu kiliitwa Kileleni, cha chini kiliitwa Bondeni. Kileleni kulikuwa na mto. Mnene, wenye kelele, unaringa kama mke mpya. Ulishuka, ulishuka, ulishuka, ukafika kwenye tundu la jiwe, ukaingia. Kwaheri ya kuonana! Kutoka hapo kwenda chini hapakuwa na hata tope la kumchafua kuku.

Watu wa Kileleni walisema, "Maji yetu yanakwenda kunywewa na mashetani." Watu wa Bondeni hawakusema kitu, maana koo zilikuwa zimewakauka.

Wanawake wa Bondeni walipanda mlima alfajiri, wakashuka adhuhuri, mtungi kichwani. Walipanda, walishuka. Walipanda, walishuka. Siku moja Mwanamize, mke wa Vuai, alipanda asishuke. Alianguka njiani na mtungi wake, akafa. Vuai akamzika Bondeni, akachukua sururu, akaanza kuchimba maji. Shimo la kwanza, kavu. La pili, kavu. La tatu, kavu. Akafika kumi na saba, yote makavu! Kijiji kikajaa mashimo, watu wakawa wanatembea kwa kurukaruka, na wageni wa harusi wakawa wanaonywa mapema.

Mwishowe Bondeni wakaamua kuhama. Ijumaa wakishaswali, wapakie mizigo, waende zao. Vuai akasema, "Nendeni salama. Mimi simwachi Mwanamize peke yake."

Sasa tegeni masikio. Kabla ya kuhama palikuwa na harusi ya kumalizia. Jumatatu, Kidawa, dada wa bibi harusi, akapanda Kileleni kuchukua manjano ya kumpaka na kumsinga mdogo wake. Shangazi yake alikuwa ameyatwanga siku saba, kapu zima. Wakati wa kurudi Kidawa akapita mtoni, karibu na lile tundu, anawe miguu. Kapu akaliweka juu ya jiwe lenye ukoga. Je, nyinyi mnaweka kapu juu ya ukoga? Kidawa aliweka. Kapu likateleza, teree! Likaingia mtoni, mto ukaingia tunduni, na manjano yote yakaenda nao.

"Ole wangu!" akapiga kelele, mikono kichwani. "Mama nitamwambia nini?"

Akashuka analia. Akagombezwa na mama, akagombezwa na bibi, akagombezwa hata na mpiga ngoma, ambaye hayakumhusu.

Jumatano ikawa zamu ya Faki. Bwana huyu alikuwa na beberu mmoja, mnene! Mbuzi wengine wote mbavu nje, beberu wa Faki tumbo mbele. Faki alijisifu kila siku, "Kufuga ni kipaji, jamani, hamwezi." Basi asubuhi ile beberu akatokea barazani na ndevu za manjano. Midomo manjano, ndevu manjano, kifua manjano!

Kijiji kikapiga vigelegele. "Beberu amesingwa! Faki, unaozesha mbuzi na hukutualika?"

Faki akapandwa na hasira. "Leo nitamjua anayemchezea mbuzi wangu!" Akashika bakora, akamfuata beberu kila alikokwenda. Beberu akaruka shimo la Vuai, Faki akaruka. Beberu akaruka shimo jingine, Faki akatumbukia. Akatoka, akaruka, akatumbukia tena. Wakafika nyuma ya mwamba mkubwa kando ya kijiji, kwenye miiba. Beberu akatia ulimi katika ufa mwembamba, akalamba, akafumba macho kwa raha. Faki akachungulia. Ndani ya ufa palikuwa na unyevu, na unyevu wenyewe ni wa manjano.

"Jamani, njooni! Mwamba unatoa manjano!"

Watu wakaja mbio, wakaona, wakasema ni uchawi, wakarudi mbio. Kidawa peke yake akabaki. Akatia kidole, akanusa, akalamba, akaruka juu mpaka kanga ikamvuka begani.

"Haya ni ya shangazi! Hutia karafuu, nani mwingine hutia karafuu? Jamani, nimeyamwaga kule juu, yametokea huku chini! Mto hauendi kwa mashetani. Unapita hapa, chini ya nyayo zetu!"

Sawa, unapita. Lakini ufa ulitosha ulimi wa mbuzi tu. Wanaume wakarudi, wakaugonga mwamba, wakatikisa vichwa. "Huu hauvunjiki. Ijumaa tunahama." Vuai akaja na sururu yake. "La kumi na nane hilo!" wakamcheka. Vuai akapiga. Jumatano akapiga mpaka jua likazama, Alhamisi akapiga mpaka jua likazama. Mpini ukakatika, akatia mwingine. Viganja vikachubuka, akavifunga kitambaa. Ijumaa watu wakaswali, wakapakia mizigo juu ya punda, wakampakia bibi harusi juu ya mizigo, punda wa kwanza akainua mguu, mara mwamba ukasema pwaaa!

Maji! Yakamtupa Vuai chali. Maji ya baridi, matamu, mengi, yana umanjano kwa mbali. Watu wakarukia matopeni na nguo zao za Ijumaa. Wakacheza, wakalia, wakakumbatiana hata wale waliokuwa hawasalimiani. Punda wakamwaga mizigo. Mama yake Kidawa akachukua kata, akainama achote.

"Ishia hapo hapo!" Aliyesema ni Bi Time, mwanamke aliyekuwa akitunza mila ya visima. "Mmesahau? Maji mapya hayachotwi wala hayanywewi na mtu mpaka yapewe jina la aliyeyaleta. Jina moja, la milele. Ukichota kabla, yanarudi yalikotoka."

Mama yake Kidawa akaweka kata chini upesi. Kizaazaa kikaanza.

"Ni yangu," akasema Kidawa. "Bila manjano yangu nani angejua kwamba maji ya juu ndiyo ya chini? Mliona mkakimbia, mimi nilibaki. Na msiponipa jina hili, mpaka nazeeka nitaitwa Kidawa aliyemwaga manjano ya harusi. Nyinyi nawajua!"

"Kumwaga ni kazi?" Faki akafoka. "Hata kuku humwaga! Nani aliyefuata? Mimi! Niliruka mashimo kumi na saba..."

"Kumi na tano!" watu wakadakia. "Mawili ulitumbukia!"

"Kutumbukia ndiyo taabu yenyewe! Ningekaa barazani nikacheka kama nyinyi, mngepajua hapa? Na mimi sina mtoto. Nikifa leo, jina langu linakufa jioni. Nipeni jina la maji, angalau watu waseme, twende kwa Faki."

Sauti moja ikatoka nyuma. "Basi mpeni beberu! Yeye alipajua siku zote, akanywa peke yake, akanenepa, akanyamaza!" Watu wakacheka mpaka wakakumbuka kiu. Beberu hakujitetea, alikuwa anakunywa.

Vuai alikuwa bado amekaa majini, viganja vinatoka damu. Alipofungua mdomo kelele zikakatika.

"Kidawa ameonyesha, kweli. Faki amefuata, kweli. Mimi nimefungua. Lakini jina langu silitaki. Yaiteni Mwanamize."

Faki akashusha bakora. Wanawake waliopanda na kushuka na Mwanamize wakaanza kulia, na mimi ninayesimulia nalia nao kila nikifika hapa, msinicheke.

Bi Time akasema taratibu, "Vuai mwanangu, mila inamtaka aliyeyaleta maji. Marehemu hakuyaleta."

"Bi Time, asingekufa kwa ajili ya maji, mimi ningeshika sururu?"

Bi Time akaokota kata. Akamtazama Kidawa, akamtazama Faki, akamtazama Vuai. Maji yanazidi, yanapita kati ya vidole vya miguu ya watu, yanaingia katika mashimo kumi na saba, moja baada ya jingine. Mitungi imepangwa. Bibi harusi analamba midomo. Bi Time ameinua kata na ametugeukia sisi tuliokaa hapa.

Jina ni moja tu, na halibadilishwi. Haya, semeni nyinyi msio na kiu: nani alistahili?