Sare za Mama Niendiwe

Waliomvika ni wengi, aliyemshika hayupo.

Wajukuu zangu, mlimsikia mama mmoja akiyasema hayo Jumamosi kwenye kikao cha harusi, pale watu walipokuwa wanabishana juu ya rangi ya vitambaa, na kikao kizima kikanyamaza. Mmerudi mnaniuliza maneno machache vile yana nini hata yakawanyamazisha watu wazima. Yalitoka huku huku kwetu Usangi, kwa mwanamke mmoja, na yalitoka hivi.

Mwanamke huyo aliitwa Niendiwe. Alikuwa mjane, mkulima wa kahawa na iliki, na kwa jembe lake alisomesha watoto watatu. Ombeni, wa kwanza, alipata ofisi kubwa Dar es Salaam. Namsifu, binti yake, alifungua duka la nguo Arusha. Yonazi, kitinda mimba, alikuwa na kazi Moshi. Walikuwa watoto wazuri kwa jinsi watu wanavyohesabu uzuri wa watoto. Simu walipiga, sukari walituma, na kila Krismasi magari yao yalipanda mlima, majirani wakayaona. Ila wakifika, walikaa kama mtu aliyeacha chungu motoni kwake. Chai haijapoa, wameshaaga.

Alipotimiza miaka sabini wakamuuliza anataka zawadi gani. Akasema anataka waje wote watatu, wakae naye wiki moja, wale makande, waongee. Wakatazamana. Namsifu akamwambia kwamba hiyo wiki ataipata, tena bila kuosha chungu hata kimoja, kwa sababu wamepanga kumpeleka Ulaya. Watazunguka naye kwa ile meli kubwa ya matembezi, ambayo mtu hulala humo humo, na akiamka anakuta mji mwingine mlangoni. Niendiwe hakuwa na hamu ya bahari. Lakini aliwaza moyoni kwamba melini hakuna gari la kuwashia mtu akaondoka. Kama ndiyo njia ya kuwapata watoto wangu, akasema, basi na iwe bahari.

Ikaundwa kamati. Ombeni akawa mwenyekiti, Namsifu katibu. Pakawa na kamati ya mavazi, kamati ya picha, kamati ya chakula cha heshima na keki, na kamati ya maombi. Wakwe wakaingia, na mama mkwe wa Ombeni, Mama Aikaeli wa Kibosho, naye akawa msafiri. Kila siku ya safari ikapangiwa sare yake ya kitenge, wanawake na vilemba vyao, wanaume na mashati yao. Walikaa vikao mpaka viti vikachoka. Katika kikao kimojawapo Niendiwe aliuliza swali moja tu: huko tukishuka kwenye miji ya watu, mimi nitatembea na nani? Wakacheka kwa upendo. Ombeni akamjibu, “Utatembea na sisi wote, Mama.” Namsifu hakuliandika, maana aliona limeshajibiwa.

Viatu vyake bapa vya kanisani, vilivyokwisha kuizoea miguu yake, viliachwa nyumbani kwa sababu havikwenda na rangi. Akanunuliwa vipya vyenye kisigino. Mkoba wake mweusi nao ukakataliwa. Dawa zake za presha zikaingia kwenye mkoba wa Namsifu, ambao ulifanana na sare.

Siku ya kwanza melini abiria waliitwa ukumbini, na msemaji wa meli akawaeleza mambo ya kushuka na kupanda. Ufuateni saa ya meli, msifuate saa ya mjini. Kadi ya meli isitoke mwilini. Kila jioni mtaletewa karatasi chumbani, ina jina la bandari ya kesho, saa ya kurudi, na simu ya wakala wetu wa nchi kavu. Msishuke bila hiyo. Dawa zikae na mgonjwa mwenyewe. Anayetembea na basi la meli husubiriwa, anayetembea kivyake hasubiriwi. Na wenye mzee, kabla hamjashuka, mtajeni kwa jina atakayekaa naye siku hiyo, kwa sababu mzee wa kundi zima hupotea upesi kuliko mzee wa mtu mmoja.

Yonazi ndiye aliyekuwa akimtafsiria mama yake. Wengine walikuwa nyuma, kwenye ngazi ya vioo ambayo kamati ya picha ilikuwa imeipenda. Kabla msemaji hajamaliza, Yonazi naye akaitwa kupigwa picha. Niendiwe alibaki na aliyoyapata. Kuanzia jioni ile, karatasi ikiletwa, aliikunja akaifunga kwenye pindo la kanga aliyoivaa ndani ya sare.

Siku waliyofika Livorno, mji wa Italia, sare ilikuwa ya zambarau. Walishuka kivyao, wakachukua basi dogo la kutoka gatini mpaka katikati ya mji. Visigino vikaanza kazi yake. Walipofika kwenye kanisa moja, Niendiwe akamwambia Namsifu kwamba magoti yanakataa, atakaa ndani kidogo. Namsifu alikuwa ameinua simu anatafuta pembe ya picha. Akasema sawa, Mama, Yonazi yupo. Yonazi alimwona mama yake akiongea na Namsifu, akajua yuko na Namsifu. Ombeni alijua yuko na hao wawili. Hakuna aliyesema uongo.

Saa ya kurudi ilipofika walikimbilia basi. Ombeni akasimama mlangoni kama mwenyekiti anavyopaswa, akahesabu vilemba vya zambarau. Kwenye kiti cha mbele alikuwa amekaa Mama Aikaeli, ameupa mlango mgongo, mnene kidogo, mabega ya kushuka. Ombeni alikiona kilemba, akaona yuko mama yake, akaacha kuhesabu. Basi likaondoka.

Niendiwe alipotoka kanisani alikuta uwanja hauna zambarau. Alisubiri, kwa sababu mtu aliyepotea akisimama mahali pamoja, wanaomtafuta humpata. Jua likasogea, hakuja wa kumtafuta. Ndipo akalifungua pindo la kanga, akampelekea karatasi mwanamke aliyekuwa akiuza maua, akaigusa ile namba kwa kidole. Mwanamke yule akapiga simu. Baadaye akafika wakala wa meli na gari lake, mtu wa makamo mwenye kikohozi. Akamwinua, akamshika mkono mpaka ndani ya gari.

Njiani magari yalikuwa yamesongamana. Wakala akapigiwa simu kutoka melini. Akasikiliza, akatikisa kichwa, kisha akaiweka simu kwa sauti ya juu na kuisogeza karibu na Niendiwe, akidhani anamtendea wema. Kule upande wa pili, kwenye meza ya mapokezi, walikuwa watoto wake wote watatu. Hawakujua kwamba anawasikia.

“Wanasema hawawezi kungoja,” Ombeni alikuwa anawaambia wenzake. “Pasipoti yake wanaiacha ofisini kwa wakala. Mmoja wetu anaruhusiwa kushuka akakae naye, wakutane na sisi kesho bandari inayofuata. Ila ashuke sasa hivi, ngazi inapandishwa. Namsifu, wewe ndiye binti.”

“Mimi tena?” Namsifu akasema. “Chakula cha heshima ni leo, na keki nani anajua ilipo? Wewe si mwenyekiti?”

“Mwenyekiti akishuka, watu wote hawa nawaachia nani? Ashuke Yonazi. Ndiye kipenzi chake.”

“Kaka, Kiingereza changu mnakijua,” Yonazi akasema. “Mkinishusha, kesho mtakuwa mnatafuta wawili.”

Mtu mmoja akacheka. Niendiwe alikijua kile kicheko, amekisikia tangu kingali hakina meno, lakini siku zote hakusema kilikuwa cha nani.

“Basi tukae dakika mbili tuamue,” Namsifu akasema. “Tusifanye kitu kwa jazba.”

Gari lilisogea kidogo, likasimama. Niendiwe alikuwa ameushika mkanda wa gari kwa mikono miwili. Mdomo wake ulitembea, alikuwa anawataja majina mmoja mmoja, kama zamani alipowaita kutoka shambani jua likizama, na yeyote atakayetangulia kuitika ndiye angepewa ndizi ya kuchoma. Akasikia mtu wa meli anasema jambo kwa Kiingereza. Kisha Ombeni akalitafsiri.

“Ngazi imeshapanda.”

Halafu mkwe mmoja, wa kamati ya maombi, akasema jamani tushikane mikono tumwombee Mama. Niendiwe akasikia viatu vyao vikisogeleana.

“Ombeni,” akaita.

“Mama? Kumbe upo kwenye simu?”

“Nipo. Kuleni keki, isiharibike.”

Akamrudishia wakala simu yake.

Alilala kwenye chumba cha wageni karibu na bandari, bila dawa, kichwa kikimgonga. Asubuhi wakala akampandisha treni, akamkabidhi kwa mama mmoja wa behewa lile kwa maneno ambayo Niendiwe hakuyaelewa. Mama yule alimpa kipande cha mkate na chungwa lililomenywa. Walipofika, akashuka kwanza yeye, akageuka, akamnyooshea mikono yote miwili. Hawakuwa na lugha hata moja ya kusemezana. Akatembea naye taratibu, kwa mwendo wa magoti yake, mpaka gatini, na meli ilipoonekana imetia nanga hakwenda zake, akasimama naye.

Watoto wakateremka kwa haraka. Walikuwa na furaha ya kweli, msiwazushie uongo. Namsifu alikuwa analia. Walivaa sare ya kijani, sare ya siku ile, na ya mama yao waliibeba kwenye hanga ya nguo. Wakamkumbatia, wakamuuliza amelala wapi, na kabla hajajibu wakaanza kumvisha, ili picha ya kukutana tena isije ikawa na zambarau katikati. Mmoja akamfunga kitenge, mwingine akamrekebishia kilemba, wa tatu akamfuta uso. Mikono sita juu ya mwili mmoja. Kisha wote wakarudi nyuma, hatua kadhaa, wamtazame alivyopendeza.

Akabaki amesimama peke yake katikati ya mawe ya gati, na visigino vile vile. Goti likakataa. Akanyoosha mkono upande wa watoto wake, lakini walikuwa mbali, simu ziko juu. Aliyemdaka ni yule mama wa treni.

Simu zikashuka. Niendiwe akasimama sawasawa, mkono wake ukiwa bado ndani ya mkono wa mgeni. Hakupandisha sauti.

“Walionivika ni wengi,” akawaambia, akiwapitishia macho watoto wake mmoja mmoja. “Aliyenishika hayupo.”

Safari waliimaliza. Alivaa kila walichompa, akakaa kila walipomweka, na aliposalimiwa aliitika. Aliporudi Usangi akatafuta vile viatu vyake vya kanisani, na habari za Ulaya hakumsimulia mtu. Maneno yale aliyarudisha Mama Aikaeli, ambaye mgongo wake ndio ulihesabiwa, na hakuweza kuyanyamazia. Yalifika mlimani kabla ya picha.

Picha yenyewe, ile ya gatini, ilining'inizwa sebuleni kwa Ombeni. Niendiwe amesimama vizuri, kijani kimemkaa, kilemba kimenyooka. Pembeni kabisa kuna mkono mweupe wenye pete ya fedha, umemshika kwenye kiwiko. Ombeni alimtafuta fundi wa picha autoe ule mkono. Fundi akajaribu, akamwambia haiwezekani, ukitoka huo mkono Mama anaonekana anaanguka.

Wageni wakiingia husifu kitenge. Na wale wanaotoka huku kwetu hutazama kiwiko. Ndiyo maana kikao kile kilinyamaza, wajukuu zangu. Kila aliyekuwamo alikuwa na mzee nyumbani, na alikuwa anajua rangi ya nguo atakayomvalisha.

Waliomvika ni wengi. Aliyemshika hayupo.