Mzigo wa Talasia Saa ya Sala

Tumepokea kwa waliotutangulia katika imani kwamba palikuwa na kijiji cha Wakristo kando ya mto wa Misri, zama ambazo kengele zilikuwa hazijajulikana huko. Kanisani kwao ulitundikwa ubao mgumu, na kila adhuhuri uligongwa kwa nyundo ya mti. Aliyeusikia alitua alichobeba, akaelekea mashariki, akainua mikono na kumhimidi Mola wake. Desturi njema kabisa, mimi sina neno nayo. Neno langu ni na watu, maana mwanadamu hapewi kitu kizuri akakiacha kilivyo.

Ilianza siku ambayo Kolutho, mfumaji wa kitani, aliusikia ubao akiwa na mtungi wa maji begani. Hakuutua. Aliuachia. Mtungi ukavunjika, naye akasimama katikati ya vigae, mikono juu, miguu imelowa. Watu wakasema, "Huyo ndiye mcha Mungu! Hakungoja hata kuinama." Kesho yake ikavunjika mitungi mingine. Punde vigae vikawa vinatundikwa juu ya milango, ili wapitao wajue humo mnasaliwa, na mlango wa Kolutho ukaipita yote kwa wingi wa vigae. Watoto wakashinda na kiu, mfinyanzi akaneemeka. Na Mungu je? Nani angepata nafasi ya kumwaza Mungu, jicho moja likiwa mbinguni na la pili kwa jirani?

Katika kijiji hicho aliishi mjane aitwaye Talasia pamoja na mama mkwe wake, Mama Drosi, aliyepooza miguu. Mwana aliyewaunganisha alikuwa amekwisha kufariki. Talasia angeweza kurudi kwao, hakurudi. Kila adhuhuri jua lilipoingia uani mwao, alimbeba mkwewe mgongoni hadi kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, na kila mara ubao uligongwa akiwa njiani. Kijiji kizima kilisimama, yeye akaendelea kutembea.

Kolutho hakuweza kuvumilia. Akamwendea kuhani wao, Abba Filotheo.

"Abba, mwanamke huyu anamdharau Mungu mchana kweupe. Kama naye ataikaribia Meza ya Bwana siku ya Pasaka, sisi tunasimama juani kwa ajili gani?"

Talasia akaitwa. Kwaresima nzima alikuwa amefunga akiingoja Pasaka hiyo, ya kwanza tangu amzike mumewe, na sasa huenda angezuiwa. Alifika amembeba mkwewe, akamketisha juu ya jamvi mlangoni mwa kanisa.

"Binti yangu," Abba akauliza, "ni kweli kwamba ubao ukigongwa husimami?"

"Ni kweli, Abba."

"Bila shaka unasali moyoni huku unatembea."

Neno moja tu, ndiyo, lingemwokoa. Talasia akainamisha kichwa.

"Siwezi kusema uongo mbele ya madhabahu. Siku nyingi huwa nawaza mgongo wangu tu, Abba. Unauma."

"Mmesikia wenyewe!" akasema Kolutho.

Mama Drosi akalipiga jamvi kofi. "Nyamaza, mvunja mitungi! Anayesali ni mimi. Namsomea zaburi sikioni tangu mlangoni petu hadi kivulini. Mimi sina miguu, yeye hana pumzi, na kwa sisi wawili Mungu anapata sala moja nzima. Wewe uliyetukodolea macho siku zote hizo, ulikuwa unasali saa ngapi?"

Tumpe Kolutho haki yake: hakudanganya.

"Sikumbuki," akasema kwa sauti ndogo.

Wakati huohuo ubao ukagongwa. Huko nje mitungi ikasikika ikipasuka, mmoja baada ya mwingine, na Abba Filotheo akafumba macho kama mtu anayeumwa jino. Alipoyafumbua, aliona jua limekwisha kulifikia jamvi. Basi badala ya kuinua mikono, kuhani yule akachuchumaa mbele ya ajuza.

"Panda, mama."

Akatoka naye mgongoni kuelekea kivulini, akapita kati ya watu waliosimama na vigae miguuni pao. Wote waliona. Ndiyo, wote, maana hakuna hata mmoja aliyekuwa amefumba macho.

"Polepole, Abba," Mama Drosi akalalamika. "Mkazamwana wangu hanitikisi hivi."

Kolutho akawafuata, akaishika miguu ya mama yule isiburuzike. Talasia alikuja nyuma yao, mikono mitupu kwa mara ya kwanza saa ile ya sala, asijue aifanyie nini. Kisha akaiinua.

Pasaka ilipofika, alikaribia Mezani na mkwewe mgongoni, na hakuna aliyefungua mdomo.

Enyi wapendwa, nimekisimulia kisa hiki mara nyingi, na kila mara watu hucheka, kisha huja ibadani kutazama nani kachelewa na nani hakupiga magoti. Nimechoka, nasema kweli. Vigae vyetu havina kazi mbinguni. Amtafutaye Mungu na amwangalie Mungu, na akimkuta jirani amelemewa njiani, amsaidie kubeba, sala itawakuta hapohapo.