Mchi wa Nyanzala

Kaeni, na anayechezea ugali auache. Zamani mkono wa mtu ulikuwa mnyoofu kama mchi, kutoka begani hadi vidoleni. Kutwanga ulitwanga, kubeba ulibeba, lakini kinywani mwako mwenyewe haukufika. Kwa hiyo watu walilishana. Msiniambie ilikuwa vizuri. Anayekulisha ndiye anayekuamuru. Tena desturi ilikuwa kwamba aliyenyimwa na nyumba yake, jirani hamlishi.

Nyanzala alikuwa ameolewa kwa mama mkwe mmoja mkali, Ng'washi. Siku moja alimaliza kutwanga mtama wa nyumba nzima, akaambiwa atwange na wa shemeji yake, aliyekuwa amejilaza tu kivulini. Akakataa. Ng'washi akamnyima tonge siku hiyo, na ya pili. Siku ya tatu maziwa yakamkauka kifuani, mtoto wake akalia mpaka sauti ikaisha.

Ng'washi akaja na bakuli la ugali, akakata tonge, akalishika karibu na midomo ya Nyanzala.

"Sema umekosa, mwanangu, nikulishe."

"Sijakosa, mama. Na nitakula."

Akaulaza mkono wa kulia juu ya mdomo wa kinu, akainua mchi kwa wa kushoto, akauangusha katikati. Moto ukakimbia mpaka kidole cha mwisho. Mkono ukapinda. Akakata tonge mwenyewe, akala, Ng'washi anatazama. Alipomaliza akaupiga pia mkono wa kushoto, maana hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu.

Kesho yake wanawake walipanga foleni kwenye kinu, waume zao nyuma yao. Wa mwisho alikuwa Ng'washi, kwa kuwa kila mtu sasa alijilisha, na hakubaki wa kumlisha yeye. Nyanzala hakumdai msamaha, alimpiga kama wengine. Ila mama yule aliomba apigwe polepole, kiwiko chake kikapinda nusu, na kila akikamua nguo kilimuuma.

Na tangu siku hiyo tunazaliwa na viwiko, na ngozi imekunjamana hapo mchi ulipoangukia. Wenye kiwiko cha Ng'washi mnawajua, hata kufungua mfuniko wa chupa wanalalamika. Na ukijigonga pale kwenye mfupa, cheche zikakimbia hadi kidole cha mwisho, usinililie. Ni Nyanzala anakuuliza nani anakulisha. Haya, nawa mikono, ule.