Kila Faili Lizaliwe Limefungwa

Hapo zamani za juzijuzi, Bwana Fumbwe mwenye kiwanda cha chumvi hakugusa kompyuta. Yeye alisema, karani wake Mashavu akachapa.

"Shemeji yangu anakitaka kiti chako," alimwambia, "lakini kwanza zifunge siri zangu. Kila faili jipya lizaliwe limefungwa, alifungue aliyelitengeneza tu."

"Na mkubwa akitaka, bwana?"

"Hata aje na bakora."

Mashavu akaiagiza kompyuta hivyo hivyo. Mwezi mzima mmoja akasema, mmoja akachapa, kisha shemeji akakikalia kiti. Mafaili yote mapya yakamgomea.

Fumbwe akaenda kubisha kwa Mashavu. "Mwanangu, nifungulie mafaili yangu."

"Yako, bwana? Kompyuta inamjua aliyechapa, haimjui aliyesema."

Jumatatu Mashavu alikuwa kitini, na shemeji alikuwa anapakia chumvi.